Herufi za Mwanzo na Maana: Maneno ya Kiingereza ya "gl-" na "sn-" Mbele ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno ya Kiingereza yanayoshiriki herufi za mwanzo na kuelekea kushiriki maana pia. Yanaangalia chanzo cha makundi hayo, kisha yanauliza iwapo Kiswahili nacho kina makundi ya namna hiyo nje ya tanakali za sauti. Vitenzi vya Kiswahili vinavyoanza na fu- vimepewa nafasi kubwa zaidi.

Utangulizi

Katika mihadhara ya kwanza ya isimu, mwanafunzi hufunzwa kwamba uhusiano wa neno na maana yake ni wa nasibu. Hapana kitu katika sauti za neno mbwa kinachobweka. Mkikuyu humwita mnyama huyo ngui, Mjaluo humwita guok, Mwingereza humwita "dog", na mnyama ni yuleyule kwa mkia na meno yake. Hoja hii hunasibishwa na Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ya Geneva ilichapishwa kuwa kitabu mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kifo chake. Katika majibu ya mitihani, hoja hiyo huandikwa kana kwamba ni msahafu, na tanakali za sauti hutajwa mwishoni kama kighairi kidogo kisichomsumbua mtu.

Mwanafunzi huyohuyo anapofungua kamusi ya Kiingereza penye herufi gl, hukutana na jambo lisilotulia ndani ya hoja hiyo. Kuna "glow", kung'aa kwa joto bila ndimi za moto kama lifanyavyo kaa. "Gleam", mng'ao wa kitu kilichosuguliwa. "Glint", mmeto wa mara moja. "Glitter", mimeto mingi midogo. "Glimmer", mwanga hafifu unaofifia na kurudi. "Glisten", kung'aa kwa kitu chenye maji au mafuta. Na "glare", mwanga mkali unaoumiza macho. Karibu nayo yamesimama maneno ya kuona: "glance", kutupa jicho, na "glimpse", kuona kitu kikapita. Hata "glare" yenyewe ina maana ya pili ya kumkodolea mtu macho kwa hasira. Akigeuza kurasa hadi sn, mambo huhamia puani: "snout" ni pua ya mnyama, "sneeze" ni kupiga chafya, "snore" ni kukoroma, "sniff" ni kunusa, "snort" ni kutoa pumzi kwa kishindo puani, "snot" ni kamasi, na "sneer" ni kumdharau mtu kwa kukunja pua na mdomo.

Ikiwa neno ni ishara ya nasibu, nasibu hii imepangwa na nani?

Swali la zamani

Swali hili halikuzaliwa na isimu ya kisasa. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Cratylus, Socrates anapendekeza kwamba sauti ya r yafaa kueleza mwendo na ile ya l yafaa kueleza ulaini, kisha anatia shaka pendekezo lake mwenyewe. Mwaka 1653, John Wallis alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini, na humo akaonyesha makundi kadhaa ya konsonanti za mwanzo yanayoelekea kubeba maana. Mojawapo ni wr-, ambayo hupatikana katika maneno ya kupinda na kupotoa: "wring" ni kukamua kwa kusokota, "wrench" ni kunyonga au kutegua, "wrist" ni kifundo cha mkono kinachogeuka, "wreath" ni taji la maua yaliyosokotwa, "wrinkle" ni kunyanzi. Hata "wrong", yaani kosa, chimbuko lake ni neno la kitu kilichopinda. Lakini w ya maneno hayo imekoma kutamkwa katika Kiingereza sanifu. Kundi lililokuwa la sauti limebaki kuwa kundi la maandishi tu, na msikilizaji asiyejua kusoma hawezi kulitenga na maneno ya r.

Istilahi ya jambo hili ilibuniwa na J. R. Firth mwaka 1930. Firth ndiye aliyepewa mwaka 1944 kiti cha kwanza cha uprofesa wa isimu ya jumla nchini Uingereza, katika chuo cha London kinachoshughulikia lugha za Mashariki na Afrika, chuo ambacho Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi. Istilahi yake yaweza kuswahilishwa kuwa fonestimu: kundi la sauti linalojirudia katika maneno yenye maana za kukaribiana, ingawa haliwezi kukatwa likawa mofimu.

Hapo penye mofimu ndipo ugumu ulipo. Mofimu ikikatwa, kinachobaki huwa na kazi yake. Katika anasoma, a-, -na-, -som- na -a kila kimoja kina kazi. Mtu akiikata gl- kutoka "gleam", kinachobaki ni -eam, kisicho na maana yoyote. Akiikata kutoka "glow", hubaki -ow, isiyo na maana pia. Mchanganuzi atalazimika kukubali ama kwamba Kiingereza kina mabaki mengi yasiyo na kazi, ama kwamba maana yaweza kukaa mahali ambapo uchanganuzi wa mofimu haufiki. Jibu la pili ndilo lenye nguvu zaidi, ijapokuwa linawanyima wanafunzi usalama wa kauli wanayoikariri kwamba mofimu ndicho kipashio kidogo kabisa chenye maana.

Nguvu hiyo inatokana na majaribio. Mwaka 2004, Benjamin Bergen alichapisha katika jarida la Language matokeo ya jaribio alilolifanya kwa wazungumzaji wa Kiingereza. Mshiriki alionyeshwa neno moja kwa muda mfupi mno, kisha neno la pili, akatakiwa kuamua upesi iwapo hilo la pili ni neno halisi la Kiingereza. Kama jozi ilikuwa "glitter" na "glow", uamuzi ulikuja haraka kuliko pale maneno yaliposhiriki herufi tu, au maana tu. Zaidi ya hayo, jozi zilizoshiriki herufi na maana lakini hazikutoka katika kundi kubwa hazikuleta wepesi huo. Kwa hivyo, kinachofanya kazi akilini mwa mzungumzaji ni ukubwa wa ukoo. Bergen alihesabu pia maneno ya gl- katika mkusanyo wa matini za Kiingereza cha Marekani: takriban asilimia 39 ya maneno hayo yalihusu mwanga au kuona, na yalipohesabiwa kwa idadi ya kutokea kwake, yalifikia takriban asilimia 60.

Asilimia 39 si 100. Mwanafunzi anayekisia kwamba "glove" ni kitu cha kung'aa atavaa mkononi jibu lisilo sahihi, maana hilo ni glavu. "Glue" ni gundi, "gland" ni tezi, "globe" ni tufe, "glutton" ni mlafi. Upande wa sn- kuna "snow", theluji, "snake", nyoka, na "snail", konokono, ambaye pua yake haijapata kumshughulisha mtu.

Ukoo wa damu na ukoo wa kuasiliwa

Je, makundi haya yalitokea wapi? Jibu la mwanahistoria wa lugha ni kwamba sehemu kubwa ni ukoo wa damu. Maneno "glow", "gleam" na "glass" hurejeshwa kwenye mzizi mmoja wa Kihindi-Ulaya cha kale wenye maana ya kung'aa. Mzizi huohuo ndio uliozaa "gold", dhahabu, na "yellow", rangi ya manjano, ambayo hayana tena gl- mwanzoni. "Glad", furaha, nalo katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kung'aa kabla ya kuhamia moyoni. Likiishia hapo, jambo hili halitishii nasibu hata kidogo: watoto wa mama mmoja hufanana.

Lakini ukoo huu umeasili wageni. Neno "glamour", ambalo leo ni uzuri wa kumetameta wa wacheza sinema, halitokani na mzizi wa mwanga. Ni tamko la Kiskoti la neno "grammar", yaani sarufi. Zama ambazo elimu ya Kilatini ilikuwa ya wachache, watu wa kawaida waliihusisha sarufi na uchawi. Tamko hilo likachukua maana ya kiinimacho, na mwandishi Walter Scott akalieneza miongoni mwa wasomaji wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 19. Baada ya kuvaa gl-, lilizidi kuvutwa upande wa mng'ao hadi likatua huko. Wahadhiri wa sarufi wana haki ya kulidai neno lao. "Glance" nalo lilianza kama neno la kuteleza, lililohusiana na neno la Kifaransa, likaishia kuwa la jicho.

Kisa cha "sneeze" kinasadikisha zaidi. Katika Kiingereza cha kale, kupiga chafya kulianza na fn-, na palikuwa na maneno mengine ya fn- ya pumzi na kukoroma. Kundi hilo lilipofifia, neno halikufa bali lilihamia sn-, kulikokuwa tayari na maneno ya pua. Huenda maandishi yalichangia, kwa kuwa s ndefu ya miswada ya zamani ilifanana mno na f. Vyovyote iwavyo, neno lililopoteza jamaa zake lilipokewa na jamaa wa maana yake.

Kiswahili: mtego wa ngeli

Mwanafunzi wa Kiswahili akitaka kufanya utafiti wa namna hii katika lugha yake, shawishi la kwanza ni kufungua kamusi na kufuata herufi. Aidha, huenda akafurahi mapema. Chini ya m atakuta mwanga, mwezi, mwenge na mwako, yote ya nuru. Furaha hiyo ni ya bure. M ya maneno haya ni kiambishi cha ngeli, na katika wingi hugeuka kuwa mi-: mianga, miezi, mienge, miako. Mtu na mti vina m hiyohiyo wala haviwaki. Katika lugha ya Kibantu, herufi ya kwanza ya nomino mara nyingi ni mali ya sarufi, si ya mzizi, na utafiti unaofuata mpangilio wa kamusi kwa upofu huhesabu ngeli ukidhani unahesabu maana.

Kiingereza nacho kina mtego unaofanana na huo katika viambishi vyake, na wakati mwingine ni mtego wa hatari. Mtu aliyezoea kwamba in- hukanusha, kama katika "invisible", kisichoonekana, hufasiri "inflammable" kuwa kisichoshika moto. Maana yake ni kinyume kabisa: kinachoshika moto upesi. In- ya neno hilo ni ile ya Kilatini yenye maana ya kuingia ndani, si ya kukanusha. Ndiyo sababu miaka ya 1920 shirika la kuzuia moto nchini Marekani lilianza kuhimiza "flammable" itumike badala yake katika maandishi ya tahadhari. Mfasiri anayeandika onyo la Kiswahili ubavuni mwa lori la petroli hana ruhusa ya kukisia kwa herufi za mwanzo.

Kwa hivyo katika Kiswahili ni heri kuanza na vitenzi, ambavyo mizizi yake huonekana wazi. Hapo m ya nuru inarudi kwa heshima: meta, metameta, meremeta, memetuka, mulika. M hizi ni za mzizi, na ile ya umeme iko baada ya u- ya ngeli. Hata hivyo meza, menya, mea na mwaga hazina nuru, na meta na metameta ni neno moja lililoradidiwa. Ukoo ni mdogo.

Mfano wa kitenzi hiki una faida nyingine kwa mfasiri. Mwisho -er katika "glitter" na "glimmer" ni kiambishi cha kale cha kurudiarudia. Kiswahili husema jambo hilohilo kwa uradidi: meta ni mara moja, metameta ni tena na tena. Anayetafuta kisawe cha "glint" atakipata katika meta au memetuka, na cha "glitter" katika metameta. Kung'aa na kung'ara vitafaa zaidi kwa mwanga usiokatika. Kamusi nyingi za lugha mbili huyarundika maneno haya pamoja kana kwamba ni mamoja, na mwanafunzi huondoka na orodha badala ya tofauti.

Upande wa pua, Kiswahili kinapita njia nyingine. Nuka, nukia na nusa ni mzizi mmoja, basi si ukoo wa kujivunia. Mwingereza anayelala fofofo husikika puani. Mswahili husikika kooni: koo, koromeo, koroma, kohoa, kohozi. Ni kundi dogo, na kohoa na kohozi ni wa nyumba moja, lakini linaonyesha kwamba kila lugha huchagua yenyewe mahali pa kukusanya sauti zake. Utafiti wa mwaka 2016 ulioongozwa na Damián Blasi, uliolinganisha maelfu ya lugha za ulimwengu, ulibaini kwamba maneno ya pua huelekea kuwa na sauti n. Neno pua halikupata habari hiyo.

Vitenzi vya fu-

Kundi linalostahili kutuliwa zaidi ni hili: funga, funika, fumba, fumbata, fukia, fundika, futika. Funga hahitaji maelezo. Funika ni kuziba kwa juu. Fumba ni kufunga macho au mdomo. Fumbata ni kushika ndani ya kiganja. Fukia ni kuziba shimo kwa udongo. Fundika ni kupiga fundo. Futika ni kuchomeka kitu kiunoni ndani ya nguo. Maana inayopita katikati ya vyote ni kufanya kitu kisionekane au kisitoke. Fumbo, yaani usemi uliofungwa, limo humohumo.

La kupendeza ni jinsi vitenzi hivi vinavyopokea kauli ya kutendua: fungua, funua, fumbua, fukua, fundua, futua. Jozi sita zenye umbo moja la kufunga na kufungua si jambo la kupuuzwa. Lakini mchunguzi makini atajiuliza iwapo ushahidi huu una uzito unaoonekana kuwa nao. Kauli ya kutendua huchagua vitenzi vinavyoweza kutenduliwa, na vitenzi vya kufunga na kubandika ndivyo vinavyofaa zaidi: ziba huzaa zibua, bandika huzaa bandua, kunja huzaa kunjua, wala haviko katika fu-. Kwa hiyo -ua haithibitishi kitu kuhusu fu-. Kinachobaki kuelezwa ni mkusanyiko wenyewe wa mizizi ya kufunga katika silabi moja.

Historia ya sauti inatoa sehemu ya jibu, na inaitoa kwa namna isiyotarajiwa. F ya Kiswahili mbele ya u mara nyingi haikuwa f. Funika ya Kiswahili ni kunĩka kwa Kikuyu. Mafuta ni maguta, ambapo g ya Kikuyu nayo ilikuwa k. Kwa upande mwingine, fua, kwa maana ya kufua chuma, ni tura kwa Kikuyu, na mfua chuma ni mũturi. Mbele ya irabu u iliyokuwa ya juu mno katika Kibantu cha kale, k na t zote ziligeuka f katika Kiswahili. Silabi fu- ya leo ni bandari ambamo maneno kutoka pwani mbalimbali yametia nanga. Kufua na kufunika hazikuanza pamoja. Badiliko la sauti ndilo lililozikalisha ukurasa mmoja.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoachana na Kiingereza. Katika gl-, ukoo wa zamani uliwavuta wageni kwa maana. Katika fu-, sauti ndiyo iliyowavuta wote, wa kufunga na wasio wa kufunga. Ndiyo maana kando ya funga kuna fuma, fuata, fura, futa, fufua na fukuza, bila kutaja furahi na futuru, ambazo ni za Kiarabu na hazipaswi kuhesabiwa katika swali la asili. Zinaweza tu kuhesabiwa katika swali la namna mzungumzaji wa leo anavyohisi, kwa kuwa yeye hazungumzi na kamusi ya asili ya maneno mkononi. Maswali haya mawili huchanganywa mara nyingi mno katika tasnifu.

La kwanza laweza kushughulikiwa maktabani. Vitenzi vyote vya fu- vitolewe katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, minyambuliko iunganishwe na mizizi yake, mikopo itengwe, kisha ya kufunga na kufunika ihesabiwe na kulinganishwa na ya silabi nyingine kama pa- au te-. La pili linahitaji watu. Mtafiti aweza kubuni vitenzi visivyokuwapo, tuseme fubanda na pabanda, akawauliza wasikilizaji ni kipi kati ya hivyo viwili kinafaa kuwa kufunika na kipi kinafaa kuwa kutupa. Uteuzi wa wasikilizaji ungepaswa kufanywa kwa uangalifu nchini Kenya. Kikuyu hakina f katika maneno yake ya asili, ilhali Dholuo kinayo. Hisia ya fu- ya mwanafunzi wa Nyeri itakuwa imetokana na Kiswahili na Kiingereza alivyojifunza, ya mwanafunzi wa Kisumu itakuwa imechanganyika na ya lugha yake ya kwanza, na ya mzawa wa Lamu ndiyo itakayokuwa kipimo cha zile nyingine.

Katika kuhesabu, kitenzi kimoja kitamjaribu mtafiti kuliko vyote: fuga. Ni rahisi kusema kwamba anayefuga hufunga wanyama zizini, na hivyo kukiingiza kitenzi hicho katika orodha. Lakini nyuki hufugwa bila kufungwa, na nywele na ndevu hufugwa kwa kuachwa tu zikue. Fuga iandikwe upande wa pili wa jedwali, hata kama jumla itapungua kwa moja.